Kipande cha Shaba cha Mwaka 1863

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika mkebe wa marehemu babu yangu, aliyekuwa baharia, nimekuta, pamoja na rupia na hela za Wajerumani, kipande kidogo cha shaba chenye kichwa kilichovikwa taji la manyoya na mwaka 1863. Upande wa pili kuna maneno "ONE CENT". Je, ni sarafu ya Marekani? Nikisugue kwa ukwaju kama tusuguavyo madele ya kahawa?

Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa

JIBU: Tafadhali usikisugue. Chukua kioo cha kukuzia uangalie juu ya maneno hayo. Ukikuta neno "NOT" kwa herufi ndogo mno, ulichonacho si senti, na chenyewe kinakiri hivyo.

Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto Marekani, watu waliificha dhahabu na fedha, kisha hata senti zikaadimika, muuza duka akakosa chenji ya kumrudishia mteja. Wafanyabiashara wakajifulia tokeni zao, yaani vipande vya kutumika badala ya senti, nyingi zikiwa za 1863, zenye ukubwa wa senti halisi. Baadhi zilibeba jina la duka na mji wake, na hizo ndizo nizipendazo zaidi, kwa sababu zinakupeleka moja kwa moja hadi mlangoni pa mtu aliyeuza nyama au dawa. Nyingine, kama yako, hazikutaja duka lolote.

Thamani yake ilitegemea uaminifu wa aliyeitoa. Gustavus Lindenmueller, mwenye kilabu cha pombe mjini New York, alitoa zaidi ya milioni moja, na inasimuliwa kwamba kampuni ya tramu iliyozipokea kwa nauli ilipomwomba azikomboe kwa pesa halisi, alikataa. Tarehe 22 Aprili 1864, Bunge la Marekani lilipiga marufuku tokeni za senti, na kwa sheria hiyohiyo likaidhinisha senti mpya ya shaba nyeusi.

Ukwaju utaondoa ule utando wa rangi ya kahawia, ambao umechukua zaidi ya miaka 150 kujijenga na haurudi tena, nao ndio mkusanyaji autazamao kwanza. Kishike kwa kingo, ukitie katika bahasha ya karatasi wala si mfuko laini wa plastiki, kwani plastiki hiyo huweza kuiharibu shaba, na hewa yetu ya chumvi nayo huleta kutu ya kijani upesi, na juu ya bahasha uandike kwamba kilitoka katika mkebe wa babu yako.