Imeji yangu haijabadilika, mbona wanalalamika?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Niliandika programu huria ya kuazimisha vitabu vya maktaba ya shule, na shule nyingine zikaipenda. Kwa kuwa walimu wengi hawana muda wa kuhangaika na kusakinisha Python, naichapisha kama imeji ya kontena (kifurushi chenye programu pamoja na kila inachohitaji ili iwake) kwenye Docker Hub, ghala la imeji la mtandaoni. Tangu muhula uliopita sijagusa msimbo, na kazi inakwenda. Ajabu ni kwamba sasa napokea malalamiko kila wiki. Mmoja amenitumia orodha ndefu ya udhaifu wa kiusalama, mwingine anasema latest (tagi, yaani lebo, ya toleo la karibuni) imemvurugia kumbukumbu, mwingine anataka ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo. Tena kuna mtu nisiyemjua amejitolea kunisaidia, ila anataka nimpe ufunguo wa kupandisha imeji. Nimechoka, nakaribia kumkubalia. Nishauri.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na ufunguo, maana hilo haliwezi kungoja: usimpe.

Simjui huyo mtu, na huenda ana nia njema kabisa. Lakini tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mfumo wa Linux, ilikuwa imetiwa mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Alishtuka kwa sababu kuingia kwenye seva kwa ssh kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na hakuvunja kufuli lolote. Alijitolea kumsaidia mtunzaji aliyekuwa peke yake na amechoka, akaleta kazi nzuri kwa zaidi ya miaka 2, huku akaunti nyingine zikimshinikiza mtunzaji agawe madaraka, hadi akayagawa.

Msaidizi wako mpe kazi: alete mabadiliko, uyasome, ndipo uyapokee. Kupandisha imeji iachie mashine inayojenga kutoka kwenye msimbo ulio hadharani, ili hata wewe usipandishe tena kutoka kwenye laptopu yako.

Sasa orodha. Unasema hujagusa kitu, na hiyo ndiyo sababu wanalalamika. Ndani ya imeji msimbo wako ni sehemu ndogo tu. Kilichobaki ni Debian (mfumo wa Linux ulio chini yake), Python, OpenSSL (programu ya kusimba mawasiliano) na vifurushi kibao ambavyo hukuviandika, na vyote viliganda siku ile uliyojenga. Debian wakitoa kiraka leo, seva ya kawaida itakipata kwa kusasishwa, ila imeji yako haikipati hadi uijenge upya. Kwa hiyo ijenge upya kila wiki hata kama hujabadilisha herufi moja. GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha kazi zenyewe, inaifanya kazi hiyo kwa ratiba, bure kwa miradi ya hadharani, lakini kaa chonjo: hazina ya msimbo iliyo wazi ikikaa siku 60 bila shughuli yoyote, ratiba inazimwa. Mtu anayeandika msimbo wakati wa likizo tu, kama wewe, hilo litamkuta. Hakikisha pia ujenzi unavuta Debian mpya na hautumii tabaka (vipande vinavyopangwa kuunda imeji) za zamani zilizohifadhiwa, la sivyo utatoa imeji ileile yenye tarehe mpya. Na kama bado unaanzia Debian 10, hama, maana hata msaada wake wa muda mrefu uliisha Juni 2024.

Urefu wa orodha usikutishe. Mimi natunza imeji ya programu ya hesabu za vikoba, na nikiikagua kwa Trivy, programu ya kutafuta udhaifu, asubuhi ileile niliyoijenga, bado mistari ipo. Angalia safu inayotaja toleo lenye marekebisho. Kwenye mstari wa perl-base (kifurushi cha lugha ya Perl), kwa mfano, mara nyingi safu hiyo ni tupu: Debian hawajatoa kiraka, na programu yako haina shughuli na Perl. Hapo huna la kufanya, mweleze aliyeuliza kwa adabu. Lakini mstari wa OpenSSL ukiwa na toleo jipya limeandikwa kando, huo ni wako, jenga leo.

Najua utaniuliza kuhusu bando. Ukijenga kila wiki, shule inayotumia modemu ya simu ikivuta kila mara itaumia, na hili watu wanaotuandikia miongozo kutoka kwenye intaneti ya kasi hawalifikirii. Anzia imeji ya Python iitwayo slim: ile ya kawaida ni takriban GB 1 ikifunguliwa, slim haifiki MB 200. Vitu visivyobadilika viweke mwanzoni mwa Dockerfile (faili la maelekezo ya kujenga imeji), msimbo wako mwishoni, ili siku uliyobadilisha msimbo tu wavute tabaka dogo. Kisha waambie shule wavute mara moja kwa mwezi, isipokuwa umetangaza dharura. Vilevile pandisha nakala ghcr.io, ghala la imeji la GitHub. Tangu Novemba 2020 Docker Hub humwekea asiye na akaunti kikomo cha kuvuta mara 100 kwa saa 6, na kinahesabiwa kwa anwani ya intaneti. Chuo kizima kikitoka kwa anwani moja, wanafunzi wa zamu ya mchana watakuta kimeisha.

Huyo aliyevurugiwa na latest ana haki ya kulalamika. Tagi hiyo ni jina linalohama, na mwongozo wako ndio uliomwambia aitumie. Ukihamisha latest kutoka hifadhidata ya PostgreSQL 15 kwenda 16, seva mpya inakataa kuwaka juu ya data ya zamani. Toa tagi za namba, 1.4.2 na 1.4, na kwenye mwongozo andika namba. Hatua inayodai kuhamisha data iwe 2.0, nayo uitangaze mapema.

Ya Raspberry Pi: toa ya arm64 (aina ya kichakataji chake) kama kuna shule yenye mashine hiyo iliyokubali kuijaribu kila toleo. Kama hakuna, kataa.

SWALI: Niliweka faili la nywila kwenye imeji kwa bahati mbaya, nikalifuta kwa mstari uliofuata kwenye Dockerfile. Mtu ameniambia bado analisoma. Inawezekanaje? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Anasema kweli. Kila mstari wa aina hiyo huunda tabaka lake, na tabaka la juu hulificha faili tu. Lile la chini linapakuliwa likiwa nalo. Badilisha nywila sasa hivi, kabla hata ya kufuta imeji, kwa sababu waliokwisha kuivuta wanayo. Kisha liandike jina la faili hilo kwenye .dockerignore na ujenge upya.