Jibu: Kuletewa chakula ambacho hukuagiza

Ndugu, unasema uliagiza ndizi nyama hapo Moshi mjini, ukaletewa wali maharage, ukala kimya na bei ya ndizi ukalipa. Pole. Mimi kuna siku nilimaliza bakuli zima la supu ya utumbo kwa mama ntilie, na utumbo siuwezi kabisa, eti namwonea aibu dada wa watu.

Kilichonisaidia ni kusema kabla sijagusa sahani. Ukishamega umechelewa, chakula hakiwezi kurudi jikoni akapewa mwingine. Na huna haja ya kupaza sauti, msubiri apite karibu: "Samahani dada, hii nadhani ni ya meza nyingine, mimi niliagiza ndizi." Basi. Mara nyingi kweli ni ya mtu anayesubiri huku njaa inamuuma, kwa hiyo unawaokoa wawili. Saa saba mchana watu wamejaa, wahudumu wanachanganya sana, ndiyo maana siku hizi nikiagiza namwomba arudie nilichosema.

Ila chumvi ikizidi, hapo kusema ukweli bado nameza tu.