Mtoto anapiga sufuria ovyo

SWALI: Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu. Nikiimba, anapiga sufuria ovyo bila kufuata mdundo, na jirani wa gorofa ya chini analalamika. Nifanyeje? – Mama, Umoja, Nairobi

JIBU: Mama, usimsahihishe. Katika umri huo bado ni vigumu kushika mdundo wa mtu mwingine, kwa hiyo wewe ndiye umfuate. Akigonga haraka, imba haraka. Akisimama, nyamaza papo hapo, mtazame, usubiri. Mara nyingi ataanza tena ili nawe uanze, na hapo mnapiga muziki pamoja kweli. Rudia wimbo mmoja mfupi kwa siku kadhaa. Akichoka na kuondoka, mwache.

Kuhusu kelele, pindua beseni la plastiki juu ya blanketi iliyokunjwa, umpe mwiko mfupi wa mbao. Blanketi hupunguza mtikisiko unaoshuka sakafuni.

Mtengenezee pia kayamba ya chupa ya plastiki ya soda ya mililita 300. Ioshe, iache ikauke kabisa. Unyevu ukibaki, ndengu zitaota ukungu. Tia vijiko vikubwa 2 vya ndengu. Ukipita robo ya chupa, punje hukosa nafasi ya kuruka na sauti hufifia. Paka gundi kali mdomoni kwa nje, funga kifuniko, zungushia selotepu. Fanya hayo akiwa amelala. Ikague kila unapompa, na ukiona ufa itupe: punje moja inaweza kumkaba.