Karoti ya felti inayotoa pamba kwenye mshono

Dada, umeuliza kwa nini karoti ya kuchezea ya felti (kitambaa cha nyuzi zilizogandamizwa bila kufumwa) uliyomshonea mwanao inatoa pamba pembeni. Nadhani mishono yako imeachana mno. Felti haifumuki ukingoni, kwa hiyo huna haja ya kukunja pindo. Pandanisha vipande viwili, choma sindano milimita 3 kutoka ukingoni, na kila mara ipitishe ndani ya kitanzi cha uzi kabla ya kukaza. Tumia uzi wa kudarizi, nyuzi 2 au 3 kati ya zile 6 nyembamba zinazouunda. Pamba ijaze kidogo kidogo ukianzia nchani, ukiisukuma kwa kijiti butu. Ukiishindilia sana, mshono utaachama tena. Na tafadhali, kama mtoto hajafikisha miaka 3, usitie vifungo wala shanga. Mapambo yote yadarizi kwa uzi.