Tela la kumwaga la tani 5: dereva wa kulima siyo dereva wa tela

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema umenunua tela la kumwaga la tani 5, la ekseli moja, utalivuta na Massey Ferguson yako ya hospawa 75. Kazi yenyewe ni mchanga na moramu (udongo wa changarawe) kipindi cha ujenzi, na viazi vya milima ya Uporoto wakati wa mavuno. Umeuliza mambo mawili: dereva wako ambaye amelima na hilo trekta miaka sita, anaweza kuanza kazi ya tela moja kwa moja? Na uongeze mbao pembeni za bodi ili libebe zaidi?

Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii huku Mbeya, Uyole, Igawilo mpaka Isyonje, mitatu ya mwanzo nikiwa tingo, msaidizi wa dereva. Kuhusu dereva nasema bado. Kuhusu mbao, inategemea unabeba nini.

Nianze na kumwaga. Huku kwetu kila mtu anaogopa mteremko, kazi ya kumwaga hakuna anayeiogopa, na mimi kidogo niue mtu trekta likiwa limesimama, injini inanguruma polepole tu.

Ilikuwa masika ya 2017. Tulipeleka mchanga wa mtoni kwenye saiti moja ya Igawilo, mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Kwa macho pale palikuwa tambarare kabisa. Nikarudi nyuma, tukafungua mlango, nikavuta wenzo wa haidroliki. Bodi likapanda, mchanga wa nyuma ukashuka, wa mbele ukagoma, umeganda kama ukoko wa wali chunguni. Nikazidi kunyanyua nikiamini utakatika. Ndipo nikasikia springi ya kushoto inalia, mlio mrefu wa mlango mbovu. Kugeuka, tairi la kushoto limeshazama mpaka kwenye rimu. Kumbe pale chini palikuwa na shimo la choo lililofukiwa siku chache nyuma. Tela likalala upande, taratibu, naliangalia na sina la kufanya. Kijana aliyekuwa anachokonoa mchanga kwa koleo upande ule ule alikuwa ameitwa na fundi muda mfupi tu kabla. Koleo lake tulilitoa chini ya bodi, mpini umevunjika vipande viwili. Tangu siku hiyo nikifika saiti nashuka kwanza, natembea kwa miguu pale ambapo kila tairi litakaa, napiga kisigino. Udongo ukibonyea, simwagi hapo, hata mwenye saiti akasirike.

Kinachotokea ni hiki. Bodi likiwa chini, uzito uko karibu na ardhi. Ukilinyanyua na mchanga ukabaki umeganda mbele, ule mzigo sasa umening'inia juu kabisa, na tairi moja likizama hata upana wa kiganja, kule juu bodi limeshahama pembeni sana. Likianza kwenda halirudi. Kwa hiyo mwambie dereva wako: trekta na tela vinyooke mstari mmoja kabla ya kugusa wenzo, mlango wa nyuma ufunguliwe kwanza, na mtu yeyote asisimame ubavuni. Mzigo ukigoma, anashusha bodi mpaka chini, ndipo mchanga uchokonolewe kwa koleo. Ule mtindo wa kusogeza trekta mbele kwa nguvu na kukanyaga breki ghafla bodi likiwa juu, ili mchanga uruke, umeangusha matela mengi. Na atazame juu pia, waya za umeme za mtaani zinapita chini kuliko unavyodhani.

Tela la ekseli moja lina jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Bodi likipanda, uzito unahamia nyuma ya ekseli, na mkono wa tela, ule unaoliunganisha na trekta, unataka kuinuka. Unainuka pamoja na mkia wa trekta. Matairi ya nyuma ya trekta yakipungukiwa uzito, breki zako hazina kazi, maana hilo trekta breki zake ziko nyuma tu. Ukimwaga kwenye mwinamo, trekta linaweza kuanza kutembea na wewe umekanyaga pedeli. Ndiyo maana mimi natembea na magogo mawili ya kuzuia matairi, yamefungwa kwenye bodi kwa mnyororo yasiibiwe.

Sasa mbao. Pima bodi lako kwa futi ya fundi. La kwangu ni mita 3.5 kwa 2, kimo sentimita 50, yaani mita za ujazo 3.5. Mchanga mkavu mita moja ya ujazo ina kama tani 1.6, uliolowa unakaribia tani 2. Likijaa mchanga mbichi mpaka ukingoni ni karibu tani 7, kwenye tela la tani 5, na hapo hujaongeza mbao hata moja. Mimi nimepiga mstari wa rangi nyekundu ndani ya bodi, sentimita 36 kutoka chini. Masika mchanga hauvuki huo mstari. Wapakiaji wananung'unika, mteja naye anaona bodi halijajaa. Namweleza kabla hatujaanza kupakia na bei tunapatana hapo hapo. Kwa viazi mbao weka, viazi ni vyepesi kwa ujazo ule ule, ila kazi ya viazi ikiisha zing'oe. Zikibaki, siku usipokuwepo zitajazwa moramu.

Wakati wa kupakia, lundo lisogee mbele kidogo ya ekseli ili mkono wa tela ulalie trekta. Likizidi nyuma, tela linayumba barabarani na kumnyanyua trekta mkia. Pini ya kuunganishia tela na trekta iwe ya chuma chenyewe cha kazi hiyo na kipini chake cha kufungia chini. Nondo iliyokatwa kwa gerenda siyo pini.

Nije kwenye mteremko, na hapa ndipo dereva wa kulima anapokwama. Shambani anatumia pedeli mbili za breki kila moja peke yake, ya kushoto akikata kona kushoto, ya kulia kulia. Mguu umeshazoea. Barabarani na tela nyuma, akigusa pedeli moja tu, trekta linageuka ghafla na tela linakuja kumkunja. Pana komeo dogo linalounganisha hizo pedeli ziwe kitu kimoja. Kwenye matrekta mengi ya huku limeshika kutu au limepotea kabisa. Kalitazame leo, kama halipo, fundi wa kuchomelea alitengeneze kabla tela halijaunganishwa.

Halafu piga hesabu. Trekta lako lina tani mbili na nusu hivi. Mzigo tani 5, tela lenyewe tani moja na zaidi. Kinachosukuma kina uzito zaidi ya mara mbili ya kinachozuia. Kama tela lako halina breki zake, usilijaze kuteremka kutoka Isyonje, beba nusu urudi mara mbili. Kama unaweza, fungisha breki za haidroliki kwenye ekseli ya tela, ni pesa ambayo hutaijutia. Gia ni ile ile ambayo trekta lingepandia huo mlima likiwa na mzigo, na inaingizwa kabla ya kuanza kushuka. Katikati ya mteremko klachi haiguswi. Akitupa nyutro ili aokoe dizeli, injini haimshikilii tena, na gia haitakubali kurudi. Udongo wetu wa majivu ya volkano ukilowa unateleza kama sabuni, kwa hiyo mvua ikikukuta juu na viazi, lala huko huko.

Vibarua kupanda juu ya magunia usikubali hata kwa mama mzee anayeomba lifti. Najua inauma kumwacha njiani na jioni inaingia. Mimi nilishaona tela linashtuka kwenye tuta na gunia la juu linaondoka lenyewe. Na barabara kuu ya Tanzam usiingie giza likikaribia. Semi inakuja nyuma yako na spidi, wewe unatambaa, taa za tela zimefunikwa tope. Bandika rifleka nyuma na pembeni, na mzifute kila mkimaliza kumwaga.

Kupaka grisi chini ya bodi lililonyanyuliwa, weka stendi ya chuma. Mpira wa haidroliki ukipasuka bodi linashuka mara moja.

Dereva wako mpe wiki mbili tambarare, kwanza tela tupu, ajifunze kurudi nyuma. Kisha mzigo nusu. Mlimani muende wote mara za kwanza, wewe ukiwa na pikipiki nyuma yake, umsikilize injini inavyolia akishuka. Ikinyamaza ghafla ujue amekanyaga klachi.