Mpira Usio na Upepo Mezani kwa John Thompson

Ninyi mnaoanza mwaka huu kufundisha mpira wa kikapu vyuoni, wengi wenu mkiwa mmevua jezi juzi tu, mmeniuliza kocha mpya aanzie wapi. Nitawajibu kupitia kwa mtu ambaye sikuwahi kuonana naye, lakini ndiye aliyenifundisha kazi hii baada ya mimi kuikosea.

John Thompson, aliyekuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington, alifariki dunia tarehe 30 Agosti 2020, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 79. Alikabidhiwa timu ya chuo hicho mwaka 1972, ikiwa imetoka katika msimu ilioshinda michezo 3 na kupoteza 23, akakaa nayo mpaka mwanzoni mwa 1999 na kuacha ushindi wa michezo 596. Mwaka 1984 akawa kocha wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vikuu vya Marekani kwa wanaume. Alipoulizwa miaka miwili kabla ya hapo anajisikiaje kuwa mweusi wa kwanza kuifikisha timu katika nne bora, alilichukia swali lenyewe, kwa sababu lilidokeza kwamba waliomtangulia hawakuwa na uwezo, ilhali walichonyimwa ni nafasi.

Makombe hayo mtayasoma popote. Mimi nataka mwangalie meza yake. Ofisini mwake aliweka mpira wa kikapu usio na upepo, umebonyea, haudundi, na kila mchezaji aliyeingia kuzungumza naye aliuona. Maana yake aliieleza wazi: kijana asikubali maisha yake yote yawe ni ule upepo uliomo ndani ya mpira, kwa maana siku moja upepo huo utatoka. Hayo hayakuwa maneno ya mtu aliyelelewa kwenye vitabu na starehe, kwani baba yake hakujua kusoma wala kuandika, na mama yake, ingawa alisomea ualimu, alifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu.

Tena hakuishia kwenye mfano. Alipoingia Georgetown alimwajiri Mary Fenlon, mwalimu aliyewahi kuwa mtawa na aliyefanya naye kazi katika shule ya sekondari, kusimamia masomo ya wachezaji. Mama huyo aliketi kwenye benchi la timu wakati wa michezo, mahali ambapo sisi huwaweka wasaidizi wa mbinu na daktari. Fikirini mchezaji anayetolewa uwanjani akihema, kisha anakaa karibu na mtu anayejua kwamba insha yake ya juma lile haijawasilishwa. Katika wachezaji waliokaa naye miaka minne, asilimia 97 walipata shahada.

Sasa niwaeleze kosa langu. Mwaka wangu wa nne kazini, katika chuo nisichokitaja, nilikuwa na mlinzi hodari kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Nilijua ana sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia masomo aliyofeli, na nilijua tarehe za mitihani hiyo zimegongana na mashindano, nikamwambia mambo hayo yatazungumzika. Tulisafiri, tukashinda, tukarudi tukiimba ndani ya basi, na hayakuzungumzika. Alidisko, kama wanafunzi wanavyosema, yaani aliondolewa chuoni kwa kufeli. Nilimkuta bwenini akikunja nguo zake, godoro limeviringishwa na kufungwa kamba, na juu yake vile viatu vya mazoezi nilivyomnunulia kwa fedha yangu. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniuliza tu kama avirudishe vile viatu. Mpaka leo sijui ni swali gani jingine lingeweza kunichoma namna ile.

Kwa hiyo nawasihi, kabla hamjampima kijana urefu wala kumtazama anavyoruka, iombeni ratiba yake ya mitihani na muibandike pale mnapobandika ratiba ya michezo. Pakigongana, timu ndiyo inayopisha. Uongozi utawanunia, na wachezaji wenyewe watanuna zaidi, lakini vumilieni.

Jambo la pili ni namna ya kusimama na kijana siku anapowaangusha. Katika fainali ya 1982 mjini New Orleans, Georgetown ilikuwa nyuma 63 kwa 62, zikibaki sekunde chache, Michael Jordan wa timu pinzani, North Carolina, akiwa ndiye aliyefunga kikapu cha mwisho. Fred Brown wa Georgetown akampasia mpira James Worthy, naye wa North Carolina, akidhani ni mwenzake. Ubingwa ukaondoka hapo hapo. Thompson, jitu la zaidi ya mita 2 lililoogopwa na waamuzi, alimwendea yule kijana na kumkumbatia mbele ya nchi nzima. Brown alibaki katika timu, na mwaka 1984 walikumbatiana tena wakiwa mabingwa. Ninawaambia haya kwa sababu najua mtakavyojisikia mara ya kwanza mchezaji wenu atakapofanya kosa la namna hiyo, na najua ni maneno gani yatawajia mdomoni.

Alijua pia kupaza sauti nje ya uwanja. Januari 1989 aliondoka uwanjani kabla ya mchezo kuanza, akipinga kanuni ya kuwanyima ufadhili wanamichezo wapya wasiofikia viwango vya kitaaluma vilivyowekwa, kwa kuwa aliona mzigo wake utawaangukia watoto wa maskini, hasa weusi. Hakurudi mpaka chama cha michezo ya vyuo kilipokubali kuitazama upya.

Wakati huo alikuwa na kijana mrefu sana kutoka Kinshasa, Dikembe Mutombo, aliyefika Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akitamani kuwa daktari, na ambaye mwaka wake wa kwanza hakuichezea timu. Thompson alimfanya mlinzi wa kutisha chini ya kikapu, lakini mwaka 1991 Mutombo aliondoka pale akiwa na shahada mkononi. Udaktari hakuusomea. Baadaye alijenga hospitali Kinshasa, akaipa jina la mama yake.