Degedege: kazi ya dakika 10 za kwanza mapokezi ya dharura

Mtoto akiletwa anatetemeka, tazama saa kabla hujagusa kitu kingine. Degedege la homa, lile la watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mara nyingi hukoma lenyewe ndani ya dakika chache. Anayeingia mlangoni bado linamtikisa amekwisha kupitisha dakika 5 akiwa kwenye bodaboda. Huyo hasubiriwi.

Mlaze ubavu, futa mate na matapishi, weka oksijeni. Hakuna kijiko wala kidole mdomoni.

Halafu pima sukari ya damu. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu dawa ya degedege iko mkononi na kipimo kiko chumba cha pili. Sukari ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, au chini ya 3 kwa mwenye utapiamlo mkali, diazepam, dawa ya kukomesha degedege, haitatibu chanzo. Mpe dekstrosi (maji ya sukari) ya 10% mshipani, mililita 5 kwa kila kilo. Kabati likiwa na ya 50% peke yake, chukua sehemu 1, ongeza sehemu 4 za maji ya sindano. Stripu za kupimia sukari zimeisha? Mtibu kama ambaye sukari imeshuka. Rudia kipimo baada ya dakika 30.

Diazepam kwa njia ya haja kubwa ni miligramu 0.5 kwa kilo. Ampuli ya kawaida ina miligramu 10 katika mililita 2, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anapata mililita 1. Ukishavuta dawa, ondoa sindano kwenye bomba, ingiza bomba sentimita 4 hadi 5, sukuma, kisha bana makalio kwa dakika chache. Ukiachia mapema dawa inaishia kwenye nepi. Kama mizani iko mbali, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5 jumlisha umri na 4, zidisha kwa 2, upate kilo zake. Njia hii ina faida nyingine: bibi anayeamini kuwa sindano humuua mtoto mwenye degedege hana cha kugombania.

Likiendelea baada ya dakika 10, dozi ya pili. Ya tatu hapana; sasa ni fenobabitoni, dawa nyingine ya degedege, miligramu 15 hadi 20 kwa kilo, taratibu kwa dakika 20. Kwa mtoto mchanga wa wiki mbili za kwanza anza na fenobabitoni moja kwa moja.

Kosa linalotuudhi kuliko yote ni barua ya rufaa iliyoandikwa “amepewa dawa” basi. Dawa gani, kiasi gani, saa ngapi? Zahanati imetoa dozi mbili, hospitali ikaongeza mbili, na mtoto akaacha kupumua. Ambu (mfuko wa kumsukumia hewa) yenye barakoa inayomtosha uso iwe kitandani kabla hujavunja ampuli.

Mikono na miguu ikitulia usiondoke. Inama umtazame usoni: kope inayorukaruka, pembe ya mdomo inayovutika, macho yaliyokwama upande mmoja, mate yanayochuruzika. Hilo ni degedege lile lile, limejificha tu.

Asipozinduka dakika 30 baada ya kutulia, fikiria malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo kwa pamoja. Kipimo cha malaria kikiwa chanya hakijaifuta homa ya uti wa mgongo, na katika maeneo yenye malaria nyingi kosa hili ni la kila siku. Artesuneti, dawa ya malaria kali, ni miligramu 3 kwa kilo kwa aliye chini ya kilo 20, miligramu 2.4 kwa aliyezidi. Mboni zikiwa hazilingani au pumzi inakatika, ahirisha kutoboa uti wa mgongo kuchukua maji ya kupima, lakini antibiotiki ya seftriaksoni ianze saa hiyo hiyo.

Parasetamoli itashusha homa na kumpa mtoto nafuu. Mzazi aelezwe kwamba haizuii degedege kurudi, asije akamwongezea dozi usiku kwa hofu.